Mwinamo Ndani ya Ngeu

Fundi wa majahazi hahitaji kujua ngeu imeumbwa kwa kitu gani. Huupaka uzi rangi ile nyekundu, akauvuta baina ya ncha mbili za ubao, akaunyanyua katikati kwa vidole viwili, kisha akauachia ghafla. Mstari unaobaki juu ya mti ndio sheria yake. Msumeno utaufuata, na ubao ukikatwa nje ya mstari huo, chombo kitavuja. Hata hivyo, ndani ya chembe moja ya rangi ile, chembe ambayo kidole hakiihisi, mna mistari mingine isiyoonekana kwa jicho. Imepangwa kwa safu na kwa matabaka, ikajibizana kama beti za malumbano. Tofauti na mstari wa fundi, mistari hiyo haikunyooka kabisa. Imeinama, na mwinamo wenyewe haufiki hata sehemu moja ya kumi ya digrii moja. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu ya mwinamo huo, na suala lao lilikuwa moja: je, huo ni uchafu ulioingia katika jiwe, au ndilo umbile la jiwe?

Wekundu wa ngeu hutokana na madini yaitwayo hematiti, na jina hilo lina asili ya neno la Kigiriki lenye maana ya damu. Hematiti ni chuma kilichoungana na oksijeni: kwa kila atomu 2 za chuma, atomu 3 za oksijeni. Aghalabu ndiyo inayoupa udongo wa nchi za joto rangi yake nyekundu, na ndiyo binadamu aliyoitumia kuchora juu ya miamba zama za kale, kabla hajajua kuandika. Lakini chuma na oksijeni hazina njia moja tu ya kuungana. Zikiungana kwa hesabu nyingine, atomu 3 za chuma kwa 4 za oksijeni, hupatikana magnetiti, lile jiwe jeusi ambalo lilimfunza mwanadamu habari za sumaku na hatimaye likamzalia nahodha dira. Ndugu hao wawili wanatoka katika chuma kilekile na hewa ileile. Mmoja anavuta sindano kwa nguvu. Mwingine anakaribia kutovuta kabisa. Hapo katika neno hilo, kukaribia, ndipo yalipo mazungumzo yote.

Kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo. Elektroni zake zina sifa iitwayo spini, nayo inaweza kufikiriwa kuwa mshale mdogo uliochomekwa ndani ya atomu, wenye upande unaouelekea. Mishale ya atomu nyingi ikikubaliana kuelekea upande mmoja, nguvu zake hujumlishwa, na jiwe zima huwa sumaku. Katika miaka ya 1930, mwanafizikia wa Kifaransa Louis Néel alionesha kwamba kuna mpangilio mwingine. Majirani wanaweza kukubaliana kupingana: huyu akielekea mashariki, yule anaelekea magharibi, tena kwa utaratibu usiovunjika kutoka mwanzo wa fuwele hadi mwisho wake. Ndani ya jiwe la namna hiyo mna utii mkubwa, lakini kwa nje hakuna kinachoonekana, maana kila mshale umefutwa na mwenziwe. Kazi hizo za Néel ndizo zilizomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Hematiti ni jiwe la aina hiyo. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1951, pale Clifford Shull na wenzake, huko Oak Ridge nchini Marekani, walipoipitishia nyutroni. Nyutroni haina chaji ya umeme, lakini nayo ina usumaku wake mdogo. Kwa hiyo ikipita ndani ya fuwele hutawanywa kwa namna inayofichua mishale imeelekea wapi. Walichokiona ni matabaka. Ndani ya tabaka moja la chuma, spini zote zinaelekea upande mmoja. Tabaka linalofuata linaelekea kinyume chake. Na linalofuata tena linarudi kama la kwanza. Mtu akijumlisha, angetarajia kupata sifuri.

Ila hakupatikana sifuri. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, waliopima fuwele safi za hematiti walikuta nguvu ndogo ya sumaku iliyobaki, isiyofika hata sehemu moja ya mia mbili ya ile ya magnetiti, lakini isiyokataa kuonekana. Ajabu zaidi, mwaka 1950 mtafiti F. J. Morin alionesha kwamba usumaku wa jiwe hili hubadilika ghafla panapokuwa na baridi ya takriban digrii 13 chini ya sifuri ya Selsiasi. Juu ya kizingiti hicho, ile nguvu ndogo ipo. Chini yake, hutoweka. Jiwe likipashwa joto tena, hurejea.

Maelezo yaliyokuwa karibu zaidi na mkono yalikuwa uchafu. Huenda punje za magnetiti zimejificha ndani ya jiwe. Huenda fuwele ina nyufa, mapengo, atomu zilizokosa mahali pake. Wengine walidhani kwamba nguvu hiyo inakaa katika mipaka baina ya sehemu moja ya fuwele na nyingine, pale ambapo utaratibu wa kupingana unavunjika. Dhana hizi hazikuwa za kipuuzi. Anayefanya kazi na mawe yaliyochimbwa ardhini huwa amekwisha kufunzwa na mawe hayo kwamba hayaji safi. Lakini ndani ya maelezo ya aina hiyo mna hukumu: kwamba jiwe lenyewe lina umbile kamili lisilo na hitilafu, na chochote kinachopotoka kimetoka nje.

Hukumu hiyo haikuwa jambo dogo la maabara peke yake. Katika miaka hiyohiyo, mawe mekundu yalikuwa yameitwa mbele kutoa ushahidi. Mwaka 1954, watafiti John Clegg, Mary Almond na Peter Stubbs, wa kundi la Patrick Blackett huko London, walichapisha vipimo vya mawe mekundu ya mchanga ya Uingereza, yaliyotuama zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Jiwe la namna hiyo linapojengeka, hematiti iliyomo ndani yake hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule na kuuhifadhi. Mwelekeo uliohifadhiwa haukulingana na kaskazini ya leo. Kwa hesabu yao, nchi ya Uingereza ilikuwa imegeuka kwa digrii zipatazo 34 tangu mawe yale yalipojengeka, na hapo kale ilikuwa karibu zaidi na ikweta. Wakati huo wanajiolojia wengi bado walikuwa wakikanusha kwamba mabara husogea. Ushahidi wa kesi kubwa kama hiyo ulibebwa na nguvu hafifu ambayo hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika imetoka wapi. Shahidi anaweza kusema kweli hata asipojulikana nasaba yake, lakini neno lake huwa zito zaidi inapojulikana kwa nini anakumbuka.

Aliyelitatua suala hili hakugusa jiwe lolote. Igor Dzyaloshinskii alizaliwa Moscow mwaka 1931, na mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 26, alikuwa mmoja wa vijana waliofanya kazi chini ya mwanafizikia Lev Landau. Katika mikono ya Landau, ulinganifu ulikuwa chombo cha hoja. Miaka 20 kabla yake, Landau alikuwa ameonesha kwamba mengi kuhusu mabadiliko ya maada yanaweza kujulikana kwa kuuliza tu ni ulinganifu upi uliopo kabla ya badiliko na upi unaobaki baada yake. Dzyaloshinskii aliuliza hivyo juu ya hematiti. Hakuuliza ni nguvu gani inayoinamisha spini. Aliuliza kwanza: je, kuna kitu chochote katika mpangilio wa fuwele kinachozikataza zisiiname?

Ili kuifuata hoja yake, inafaa kumtazama jirani mwingine wa hematiti, nao ni oksidi ya kromu, madini ya rangi ya kijani. Nyumba za fuwele hizi mbili zimejengwa kwa ramani moja. Mahali palipo na chuma katika ile nyekundu, pana kromu katika ile ya kijani, na oksijeni zimekaa vilevile. Katika zote mbili majirani wanapingana. Hata hivyo, ile ya kijani haina ile nguvu ndogo iliyobaki. Iwapo nyumba ni moja na desturi ya kupingana ni moja, tofauti imeingilia wapi?

Imeingia katika mpangilio. Tuseme zimechukuliwa atomu 4 zilizofuatana katika mhimili wa fuwele. Katika hematiti, spini zake hufuatana hivi: mashariki, magharibi, magharibi, mashariki. Katika oksidi ya kromu, hata kama spini zake zingelazwa ubavu vivyo hivyo, zingefuatana hivi: mashariki, magharibi, mashariki, magharibi. Wapenzi wa ushairi hawatastaajabu. Beti mbili zaweza kuwa na mizani sawa na mishororo sawa, zikatofautiana kwa mpangilio wa vina tu, na anayezighani akajikuta ndani ya wimbo mwingine kabisa.

Sasa, katikati baina ya atomu ya 2 na ya 3 kuna nukta ambayo ni kitovu cha ulinganifu. Anayetoka katika atomu yoyote akapita moja kwa moja kwenye kitovu hicho, akaenda umbali uleule upande wa pili, atakutana na atomu iliyo pacha wake. Kwa hiyo ya 2 ni pacha wa ya 3, na ya 1 ni pacha wa ya 4. Katika hematiti, pacha huelekea upande mmoja. Tuseme basi atomu ya 1, inayoelekea mashariki, imeinama kidogo kuelekea kaskazini. Pacha wake, ya 4, atainama kaskazini pia, kwani ulinganifu unamtaka afanane naye. Na zile zinazoelekea magharibi? Hakuna sheria yoyote inayozilazimisha kuinama kusini ili kufuta deni hilo. Zinaweza nazo kuinama kaskazini, na zikifanya hivyo, mashariki na magharibi vitafutana, lakini ile kaskazini ndogo itabaki. Katika fuwele ya kijani mambo ni kinyume. Huko pacha wanatakiwa kuwa wapinzani kamili. Mmoja akiinama kaskazini, mwenziwe hana budi kuinama kusini, na jumla ni sifuri daima. Hakuna usafi wala uchafu utakaolibadilisha hilo.

Hoja ya Dzyaloshinskii ilisimama hapo: ikiwa mwinamo hauvunji ulinganifu wowote ambao fuwele ilikuwa nao, basi hakuna kinachouzuia, na kisichozuiliwa na chochote hakina sababu ya kuwa sifuri. Nguvu ndogo ya hematiti, kwa maneno mengine, haikuingia kutoka nje. Ilikuwamo katika ramani ya nyumba tangu tofali la kwanza. Wahenga walikwisha kusema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hoja nzuri bado si ushahidi. Lakini nchini humohumo, Andrei Borovik-Romanov na M. Orlova walikuwa wakipima kaboneti za manganizi na za kobalti zilizotengenezwa maabara, ambazo zilionesha usumaku hafifu wa namna hiyohiyo, na uchafu haukuweza kulaumiwa kwa urahisi kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makusudi. Ile fuwele ya kijani nayo haikuachwa mikono mitupu. Mwaka 1959 Dzyaloshinskii alitabiri, kwa kutumia ulinganifu tu, kwamba oksidi ya kromu ikiwekwa katika uga wa umeme itazalisha usumaku mdogo, jambo ambalo hematiti haiwezi kulifanya. Mwaka uliofuata D. N. Astrov alilipima na kulikuta. Kile ambacho mpangilio mmoja wa vina ulikinyima, mpangilio mwingine ulikitoa kwa namna nyingine.

Ulinganifu ulisema mwinamo unaruhusiwa. Haukusema nani anaufanya. Jibu hilo lilitolewa mwaka 1960 na Mjapani Toru Moriya, aliyekuwa wakati huo katika maabara za Bell nchini Marekani, naye aliliona katika ujirani wa atomu wenyewe. Atomu za chuma ndani ya hematiti huzungumza zaidi kwa kupitia oksijeni iliyo baina yao. Elektroni hupita njia hiyo na kupeleka habari za spini ya huyu kwa yule. Elektroni inayozunguka kiini cha atomu ina kifungo baina ya mzunguko wake na spini yake. Kwa sababu ya kifungo hicho, spini huhisi namna njia ilivyopinda. Palipo na kitovu cha ulinganifu katikati kabisa ya atomu mbili, msokoto wa kwenda hufutwa na wa kurudi. Pasipo na kitovu hicho, msokoto hubaki, na majirani hao wawili hawawezi tena kutazamana kinyume kwa unyoofu kamili. Katika zile atomu 4, baina ya ya 2 na ya 3 pana kitovu, kwa hiyo hapana msokoto. Baina ya ya 1 na ya 2 hapana kitovu, kwa hiyo msokoto upo. Mwingiliano huo sasa unabeba majina ya wote wawili, Dzyaloshinskii na Moriya.

Ni nguvu ndogo kwa kulinganisha. Ile desturi ya kupingana inashinda kwa mbali, na ndiyo maana mwinamo ni mdogo namna ile. Lakini ni nguvu yenye upande. Inajua kulia na kushoto, na hilo halipatikani katika desturi ya kupingana peke yake. Inaeleza pia kile kizingiti cha Morin. Msokoto katika hematiti huzunguka mhimili wa fuwele. Juu ya digrii 13 chini ya sifuri, spini zimelala ubavu, na zilizolala zinaweza kugeuzwa kidogo kuuzunguka mhimili. Baridi ikizidi, spini husimama sambamba na mhimili huo, na fimbo iliyosimama haigeuki upande wowote hata ikizungushwa. Mwinamo hutoweka bila ya kitu chochote kutoka katika jiwe. Laiti ungekuwa ni uchafu, ungewezaje kuondoka kwa baridi na kurudi kwa joto?

Katika hematiti msokoto wa jozi moja hujibiwa na msokoto wa kinyume wa jozi nyingine, ndiyo maana unaishia kuwa mwinamo tu. Zipo fuwele ambazo hazina kitovu cha ulinganifu hata kimoja, na humo kila hatua husokota upande uleule. Mfano maarufu ni fuwele ya manganizi na silikoni. Kila jirani anamgeukia mwenziwe kidogo sana, lakini kidogo hicho kinajumlishwa, tabaka kwa tabaka, mpaka spini zinakamilisha duara zima baada ya nanomita zipatazo 18, umbali wa takriban nyumba 40 za fuwele hiyo. Hayo yalijulikana mwaka 1976. Mwaka 1989, Alexei Bogdanov na Dmitri Yablonskii walionesha kwa hesabu kwamba katika fuwele za namna hii spini zinaweza kujikusanya zikawa vizunguzungu, mfano wa maji yanapokutana na maji kwenye mkondo. Mwaka 2009, Sebastian Mühlbauer, Christian Pfleiderer na wenzao walitumia nyutroni za tanuri la Garching, karibu na München nchini Ujerumani, wakavikuta vizunguzungu hivyo vimejipanga kwa ukaribu kama vyumba vya mzinga wa nyuki. Vinaitwa skirmioni, kwa jina la Mwingereza Tony Skyrme, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akifikiria jambo jingine kabisa, yaani chembe za kiini cha atomu. Fuwele hizo nazo ziko za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, na mkono wa nyumba ndio unaoamua upande ambao spini zitazunguka.

Hematiti haikusahauliwa katika haya. Kupima kiasi cha mwinamo ni jambo moja; kujua msokoto umeelekea kulia au kushoto, ukilinganishwa na namna oksijeni zilivyokaa, ni jambo gumu zaidi. Mwaka 2014, watafiti waliotumia miale ya eksi huko Grenoble, Ufaransa, waliupima upande huo katika fuwele ya borati ya chuma, ambayo ni ya ukoo mmoja na hematiti kwa usumaku wake hafifu, na jibu lililotoka likakubaliana na hesabu. Kisha mwaka 2021, Hariom Jani, Paolo Radaelli na wenzao walichapisha habari za utando mwembamba wa hematiti uliofunikwa kwa platini. Walipoupoza na kuupasha joto kupitia kizingiti cha Morin, walikuta vizunguzungu vya spini ndani yake, tena katika joto la kawaida la chumbani. Wapo wanaotumaini kwamba siku moja vizunguzungu hivyo vitabeba kumbukumbu za kompyuta. Kama matumaini hayo yatatimia, kumbukumbu hizo zitakuwa zimeandikwa kwa madini yaleyale yaliyoandikia miamba.

Igor Dzyaloshinskii alifariki mwaka huohuo wa 2021, akiwa na umri wa miaka 90, baada ya kuishi sehemu ya mwisho ya maisha yake huko Irvine, California. Swali la ujana wake lilikuwa limekwisha kuwa mlango wa elimu nzima. Lakini thamani yake haimo katika elimu hiyo peke yake. Mara nyingi binadamu akikuta kitu kisichonyooka hutafuta nani aliyekichafua. Huisugua lugha ili atoe neno alilolidhani la kigeni, huusugua wimbo ili atoe lahaja, akidhani chini yake atakuta kitu kilichonyooka kama timazi. Wako waliolitazama jiwe jekundu namna hiyo, wakilingoja litakate. Halikutakata. Kila lilipopatikana safi zaidi, mwinamo ulibaki palepale, kwa sababu haukuwa doa juu ya utaratibu. Ulikuwa ni utaratibu wenyewe ukijieleza kwa ukamilifu.

Wala mwinamo huo si mali ya atomu yoyote. Anayeitoa atomu moja ya chuma kutoka katika hematiti na kuitazama ikiwa peke yake hatauona, maana upweke hauna upande wa kuinamia. Unatoka kwa oksijeni zinazoizunguka, zilivyokaa na zilivyogeuka. Unatoka kwa chuma cha upande wa pili. Unatoka kwa mpangilio wa wanne kabla ya kuwa wa mmoja. Ndani ya punje moja ya vumbi jekundu mna mabilioni ya atomu za chuma, na hakuna hata moja kati yake iliyoinama peke yake.